Keki Chumbani kwa Mama Mkwe

Nyumba tuliyopanga Mafiga ina madirisha sita, na katika hayo sita ni moja tu linaloingiza mwanga wa kupigia picha keki ya harusi. Mwenye nyumba alipotutembeza siku ya kwanza alisifia bomba la ndani, akasifia vigae, akasifia hata ufa wa ukuta wa korido, kwamba ni ufa mtulivu, umeshamaliza kukua. Dirisha lile hakulitaja. Nililigundua mwenyewe baada ya kuyajaribu mengine yote.

La sebuleni linatazamana na ukuta wa jirani, na jirani, kwa sababu anazozijua yeye, aliupaka kijani cha zahanati. Keki nyeupe ukiiweka pale inatoka kwenye picha kama mgonjwa anayesubiri kitanda. La jikoni lina wavu uliokusanya masizi ya wapangaji wote waliotutangulia. La chumbani kwetu linatazama tangi jeusi la maji. La chumba cha watoto limezibwa na mparachichi, kwa hiyo keki inapata madoa ya kivuli kama chui. La chooni nililijaribu mara moja. Mteja aliisifu sana ile picha, na mimi mpaka leo sijamwambia.

Lililobaki ni la chumba cha wageni, ambalo linatazama milima ya Uluguru moja kwa moja. Jua letu sisi watu wa Mafiga halina haraka. Lazima kwanza lipande mlima kwa upande wa pili, na wakati linapanda, mwanga unatangulia peke yake, mlaini, kama umepitishwa kwenye chekeche. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa mbili na nusu hivi, ua la sukari likikaa pale dirishani unaliona kila ukingo. Jua likisharuka mgongo wa mlima, kazi imekwisha. Krimu inaanza kung'aa kama uso wa mtu aliyetoka kubeba magunia.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sekondari. Keki nilianza kwa kuoka moja ya kipaimara cha mtoto wa mwalimu mwenzangu. Watu wakaila, wote wakabaki hai, nikaanza kupewa oda. Muda si mrefu nikajua kwamba mteja wa keki ya harusi haonji. Anaangalia picha kwenye simu. Anaikuza kwa vidole viwili mpaka anaona punje za sukari, kisha anauliza kama unaweza kumtengenezea kama hiyo hiyo, ila tofauti. Kwa hiyo kuoka nikajua, na kupamba nikajua, lakini kilichoniletea wateja kilikuwa ni kupiga picha, ambako sikukujua kabisa.

Studio yangu ilikuwa na vifaa vifuatavyo. Simu yenye ufa kwenye lenzi upande wa chini kushoto, kwa hiyo kila keki niliyopiga ilikuwa na ukungu kwenye kona hiyo, na wateja walidhani ni ubunifu. Ndoo ya lita ishirini iliyogeuzwa, juu yake vitabu vya kidato cha tatu, juu ya vitabu simu. Shuka jeupe tulilopewa zawadi kwenye ndoa yetu, lililokuwa na doa moja la chai ambalo daima nililificha nyuma ya keki. Na kipande cha boksi nilichokizungushia karatasi ya jikoni ile ya kung'aa, ya kurudishia mwanga upande wenye kivuli. Mume wangu, ambaye hajawahi kupiga picha ya familia bila kukata vichwa vya nusu ya familia, alikuwa akikaa kwenye kochi akitazama video za wapiga picha wa nchi za watu, kisha ananishauri.

"Tatizo lako ni lenzi," alikuwa akisema. "Wenzako wanatumia lenzi tatu."

Nikimwomba anishikie boksi, anakumbuka kwamba ana simu ya kupiga.

Basi nikakitumia chumba kile cha wageni kwa amani kwa mwaka mzima, mpaka mama mkwe alipokuja kutoka kwao Matombo, huko milimani, kutibiwa goti. Alikuja na mfuko mmoja, mkungu wa ndizi na maneno haya: "Nakaa wiki mbili tu, nisiwasumbue." Siku ninayotaka kuieleza, wiki mbili zile zilikuwa zimefikisha miezi saba.

Sisemi kwamba nilichukia. Nasema tu kwamba katika nyumba yetu kulikuwa na mahali pamoja pa kumlaza mama mzima mwenye goti bovu, na mahali hapo palikuwa na dirisha langu.

Jumamosi ya kwanza nilibisha hodi saa moja na robo, keki ya ghorofa tatu mikononi. Akaniitikia karibu. Nikaingia, nikamkuta amekaa kitandani na rozari, macho yamefumbwa. Mtu hamkatizi mama mkwe anaposali, na meza ilikuwa imejaa dawa zake, kwa hiyo nikasimama pale mlangoni na keki yangu nikisubiri amalize. Ilikuwa Jumamosi, siku ya Matendo ya Furaha. Mikono yangu ilikuwa kwenye Matendo ya Uchungu. Alipofika mwisho alifumbua macho, akaitazama keki, akanitazama mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Imeegemea hiyo."

"Ipi, mama?"

"Ya juu. Imeegemea upande wa mlango."

Nikaitazama. Ilikuwa imeegemea, kweli, kiasi cha unene wa ukucha. Nikairekebisha kimya kimya, nikasogeza meza katikati ya kitanda na dirisha, nikatundika shuka, nikapiga picha. Yeye hakutoka chumbani, maana kutoka kwenyewe kulikuwa kazi, na kurudi kazi nyingine. Alikaa nyuma yangu kitandani akitazama. Ikawa ndio utaratibu wetu kila Jumamosi. Mimi napamba usiku wa Ijumaa, naamka, nasubiri rozari iishe, napewa kasoro, napiga picha. Kasoro zake hazikuwa na adabu wala makosa. Keki moja alisema inafanana na kofia ya askofu. Nyingine aliniuliza kama bibi harusi yuko msibani, maana maua ni meusi. Nilimweleza kwamba ni zambarau iliyokolea, ndiyo inayotakiwa siku hizi. Akasema, "Haya, mimi nimeuliza tu."

Sasa akaja mteja ambaye sitamtaja, mama mmoja mwenye sauti ya tangazo, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binti wa dada yake. Alitaka keki ya ghorofa nne, nyeupe tupu, na alitaka ikae kwenye stendi ya vioo ya mpambaji wa ukumbi. Stendi ile ilikuwa kama ngoma yenye pande nyingi, na kila upande ni kioo. Aliniletea mwenyewe Ijumaa, akaikabidhi kama anakabidhi mtoto.

"Nataka picha kabla ya keki kutoka nyumbani," akaniambia. "Niiweke kwenye kundi la kamati. Kuna watu kwenye kamati hii wanadhani nimechagua fundi wa mtaani."

Sikumwambia kwamba ndivyo alivyofanya.

Jumamosi ile kila kitu kilichelewa. Umeme ulikatika alfajiri, krimu ikalegea, nikasubiri umeme urudi, nikairudisha keki kwenye friji mara mbili. Nilipoingia chumbani kwa mama ilikuwa karibu saa mbili na nusu. Rozari ilishaisha zamani. Mama alikuwa ameshaoga na ameanza kushughulikia goti lake: amekaa ukingoni mwa kitanda na gagulo, khanga ameiweka pembeni isipate mafuta, mguu mmoja ameunyoosha juu ya stuli, anachua dawa.

"Nisamehe mama, narudi," nikasema.

"Pita. Unakimbizana na jua. Mimi sikutazami, na wewe usinitazame."

Nikapita. Nikaiweka keki kwenye stendi, nikalitundika shuka, nikalificha doa la chai, nikaisimamisha simu juu ya kidato cha tatu. Nilimpa mama mgongo kama tulivyokubaliana. Nikapiga picha kama kumi na tano, nikachagua moja, nikaituma kwa mwenyekiti. Kwa kuwa nilijipenda siku hiyo, nikaiweka na kwenye status yangu na maneno "Kazi ya leo". Kisha nikakaa jikoni kunywa chai nikisubiri sifa.

Sifa ya kwanza ilitoka kwa mwalimu mwenzangu wa kemia. Aliandika: "Hongera sana. Bibi anaumwa nini?"

Sikumwelewa. Nikafungua picha, nikaikuza kwa vidole viwili kama wateja. Keki ilikuwa nzuri. Maua yalikuwa mazuri. Chini ya maua ilikuwa stendi ya vioo, na pande tatu za stendi ile zilizoelekea kamera zilikuwa zimefanya kazi ya kioo, bila upendeleo. Katika kila upande alikuwemo mama mkwe wangu, na gagulo, mguu juu ya stuli, mkono gotini, mdomo wazi kidogo kama mtu anayetaka kupiga chafya. Mama mkwe watatu, wamejipanga mstari chini ya keki ya harusi kama wanaibeba.

Nikaifuta status. Nikampigia mwenyekiti. Hakupokea, kwa sababu alikuwa anajibu maswali kwenye kundi la kamati, ambalo lilikuwa na watu wengi kuliko viti vya ukumbi. Alipopokea hakunisalimia.

"Dada, kuna mtu uchi kwenye keki yangu."

"Si uchi, ana gagulo."

"Unaniambia kama hiyo ni sehemu ya mapambo?"

Nikamwomba radhi, nikamwahidi picha nyingine, nikapiga nyingine jikoni kwenye masizi, na picha ile aliyoikubali ndiyo mbaya kuliko zote nilizowahi kutoa. Lakini ya kwanza ilikuwa imeshatoka. Kwenye kamati kulikuwa na mtu wa Matombo. Mtu wa Matombo akaitupa kwenye kundi la ukoo na swali: "Huyu si dada yetu wa kule mjini?" Mchana mume wangu alirudi nyumbani, simu mkononi, amenyamaza. Mume wangu akinyamaza ujue wazee wameshamwambia aseme nini.

"Mjomba anakuja kesho kutwa," akasema.

Mimi natoka Singida, na kwetu mambo ya ukoo yanakwenda kwa upande wa baba. Kwa Waluguru, watu wa mume wangu, mambo yanakwenda kwa upande wa mama, na msemaji wake ni kaka yake mama. Mjomba akisema anakuja kwa shemeji au mkwe bila sababu ya sherehe, unafagia uwanja na kujiandaa.

"Ulikuwa humuoni?" mume wangu akauliza.

"Nilimpa mgongo kwa heshima."

"Na kioo?"

"Kioo sikukipa mgongo."

Tukakubaliana jambo moja tu, kwamba mama asiambiwe. Simu yake ni ile ndogo ya tochi, haionyeshi picha, kwa hiyo yeye peke yake katika wilaya nzima ndiye alikuwa hajajiona. Watu wazima wawili tukaanza kunong'ona ndani ya nyumba yetu. Yeye alituona tunanong'ona akadhani tumegombana, akaniita akaniambia nivumilie, mwanawe tangu utoto ana tabia ya kununa.

Mjomba alifika Jumatatu saa nne, siku ambayo niliomba ruhusa shuleni kwa dharura ya kifamilia. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na suruali yake nzuri ilikuwa na tope la barabara ya Matombo mpaka magotini. Alikuja na ndizi, kama inavyotakiwa hata unapokwenda kumshitaki mtu. Akaingia kwanza chumbani kumsalimia dada yake, wakazungumza Kiluguru, wakacheka. Kisha akatoka, akaufunga mlango vizuri, akakaa sebuleni karibu na ukuta wa kijani, akakohoa.

"Mkwe," akaanza, "tumeiona picha."

"Ndiyo mjomba."

"Dada yangu yumo."

"Yumo, mjomba."

"Yumo mara tatu."

Nikakiri kwamba mara tatu.

Akatoa simu yake, kubwa, yenye kifuniko kama daftari. Akaifungua ile picha ili tuwe na ushahidi mbele yetu, akaikuza, akaipunguza, akaikuza tena. Mume wangu aliangalia dari.

"Hii simu yako," mjomba akasema, "haikuona kwamba kuna mtu?"

"Simu iliona, mjomba. Mimi ndiye sikuona."

"Na ilikuwaje keki ya watu ikaingia chumbani anapolala mama?"

Hapo ndipo nilipolazimika kueleza mbele ya kikao habari za madirisha sita. Nilieleza kijani cha jirani, nikaeleza wavu, nikaeleza tangi. Mjomba aliinuka akaenda kuhakikisha, dirisha moja baada ya jingine. La chooni nilisema tu kwamba ni dogo. Akarudi akakaa, akakubali kwamba tatizo lipo. Lakini, akasema, tatizo la mwanga haliwezi kumvua dada yake nguo mbele ya kamati ya harusi ya watu wasiomjua. Ukoo umeona aibu. Akapendekeza nimfunike mama: nimnunulie doti ya khanga, nimvike mwenyewe, niombe radhi. Mume wangu akaitikia haraka kwamba ni sawa kabisa, kama vile yeye si mkazi wa nyumba hiyo.

Nikasema sawa. Nilikuwa najua kwamba nimekosa, na kejeli zangu zote hazikunisaidia kitu pale kwenye kochi. Mama yule alinikaribisha chumbani kwake akiwa na maumivu, akaniambia nipite kwa sababu nakimbizana na jua, na mimi nikamweka kwenye simu za watu. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema hilo bila kulia mbele ya mjomba, ndipo mlango wa chumba cha wageni ukafunguka.

Alitoka na fimbo yake, hatua moja, kupumzika, hatua nyingine. Tukamtazama kama wanafunzi waliokamatwa na karatasi ya majibu.

"Kuta za nyumba hii ni nyembamba," akasema. "Nani amenivua nguo?"

Akaunyoosha mkono kwa kaka yake. Mjomba akaifunga simu, akaificha chini ya paja, mtu mzima.

"Lete."

Akampa. Mama akakaa, akaishika simu mbali na macho, halafu karibu, halafu mbali tena. Mjomba akamkuzia kwa vidole. Nilimwona anasogeza kidole kutoka kwa mama wa kwanza kwenda wa pili, na wa tatu.

"Ulipiga jua lishatoka," akaniambia. "Keki inang'aa jasho."

"Mama, naomba unisamehe."

"Nimekusikia. Hili gagulo nalo limechoka, mtu angeniambia." Akaendelea kutazama. Kisha akasema kwa sauti ile ile, bila kuinua macho: "Miezi saba niko hapa. Hospitali walinipiga picha mara nne. Zote za goti."

Mume wangu akaacha kuangalia dari.

"Nyinyi mna simu kubwa kubwa," akasema. "Kila siku naona mnapiga keki, mnapiga chakula, mnapiga mvua. Sijaona aliyesema, mama, geuka huku. Nikifa mtabandika ile ya kitambulisho cha kura, niliyotoka kama nimekamatwa na bangi."

"Dada, usiseme hivyo," mjomba akasema.

"Una nyingine?"

Mjomba hakuwa na nyingine. Alifikiri kweli kweli, nilimwona anafikiri. Mume wangu akachukua simu yake akaanza kupekua, akapekua mpaka nikamwonea huruma. Alichopata ni picha ya Krismasi ambayo mama yumo kuanzia mabegani kwenda chini.

"Basi hiyo aibu ya ukoo muiache hapo," mama akasema. "Khanga nitapokea. Na kesho asubuhi nataka kupigwa picha mimi, na nguo, na kichwa changu kikiwepo."

Mjomba akalala kwetu, kwenye kochi, kwa sababu alisema jambo hilo ni la ukoo na lazima awepo. Kesho yake, shule ikanisubiri tena. Saa moja na nusu tulikuwa wanne ndani ya chumba kile. Mama alivaa kitenge cha bluu ambacho sijawahi kukiona, kilikuwa kwenye mfuko tangu aje, anakitunza kwa siku ya kurudi. Akakaa kwenye kiti dirishani. Nikageuza ndoo, nikapanga vitabu, nikamgeuza kidogo ili ule ufa wa lenzi uangukie kwenye pazia badala ya uso wake. Mume wangu akashika boksi la kung'aa kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, na alilishika vibaya, mwanga ukaenda kwenye dari. Mama akamwelekeza. Kwa miezi saba alikuwa amenitazama nikifanya. Alijua boksi linakaa wapi kuliko mwenye video za lenzi tatu.

"Cheka kidogo, dada," mjomba akasema.

"Nicheke nini?"

Hakucheka. Nilipiga nyingi. Katika nyingi amekaza midomo kama yuko ofisini kwa mtendaji. Kulikuwa na moja ambayo gari la mkaa lilipita nje, akageuza uso kulitazama, mlima uko nyuma ya kioo na mwanga umemkalia shavuni, na mikono imetulia juu ya fimbo. Nikampelekea ile.

Akaitazama. "Huyu ni mama," akasema.

Nilidhani anajisema mwenyewe. Lakini mjomba alisogea, akainama juu ya bega lake, akaitikia kwamba ndiye. Walikuwa wanamsema mama yao, marehemu, ambaye hakuna picha yake popote. Mjomba akaniomba simu, akatoka nayo korido, akakaa huko kidogo. Aliporudi alisema barabara ya Matombo si nzuri akichelewa, akaaga.

Mwenyekiti wa kamati hakunisamehe, lakini harusi ilifanyika. Alinitumia ujumbe wa sauti kwamba keki ililiwa yote, na kwamba mshereheshaji aliuliza mbele ya ukumbi mzima yuko wapi bibi wa kwenye stendi aje akate kipande. Kutokana na picha ile nilipata wateja wawili wapya. Wote wawili, kabla ya kuuliza habari ya keki, waliuliza kama mgonjwa anaendelea vizuri.

Mgonjwa alikuwa anaendelea kukaa. Picha ya kitenge cha bluu mjomba aliisambaza kwenye kundi la ukoo, na hapo ndipo nilipoharibikiwa kabisa. Akina mama wa Matombo wakaanza kuja kumwona mgonjwa. Wanakuja asubuhi na mapema, wamelala kwa ndugu zao hapa mjini, wamevaa nguo za misa ya sikukuu. Wanamwuliza habari ya goti, wanasikiliza jibu nusu, kisha wanauliza mwanga unaingia saa ngapi. Nimepiga picha za wajane, na za mapacha wenye miaka isiyojulikana, na ya mama mmoja aliyeniambia kwa upole kwamba nimemzeesha, nipige tena. Malipo yangu ni ndizi na mdalasini. Keki zinasubiri kwenye korido, karibu na ufa mtulivu.

Mwezi uliopita alikuja rafiki wa utotoni wa mama mkwe, mwembamba, mfupi, na buibui jeusi juu ya gauni la maua. Mimi nilikuwa nimemaliza kupiga keki ya ghorofa tatu na niliinama kuiondoa mezani ili yeye akae.

"Iache," akasema.

"Bibi, hii ni ya watu, wanaifuata sasa hivi."

"Siichukui. Nataka ionekane ubavuni pangu."

Mama mkwe akanieleza kutoka kitandani kwamba mwenzake aliolewa msimu wa mvua, barabara imekatika, mpiga picha wa mjini akakwama njiani na kamera yake, na sukari haikupatikana hata ya chai. Yule bibi akasikiliza akitikisa kichwa, kama habari ni ya mtu mwingine. Akavua buibui. Akasimama kando ya keki, akaweka mkono karibu na ghorofa ya chini bila kuigusa, akainua kidevu.

Nje gari la mteja lilipiga honi. Nikatoa kichwa dirishani, nikamwambia dereva asubiri kidogo, bibi harusi bado anapigwa picha.